Paka wa Uwani ni wa Nani?

Mhadhara wa bwana mifugo mstaafu mbele ya wapangaji na wenye nyumba, Ngamiani, Tanga

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi vijana mliosimama huko nyuma, ingieni, viti vipo.

Mwenyekiti wa mtaa aliponiita alisema nije nizungumze juu ya ufugaji bora mjini. Nikamwambia sawa. Lakini pale mlangoni kina mama wawili wamenizuia, mmoja na kesi ya paka, mwingine na kesi ya mbwa, nikaona ufugaji bora ungoje siku nyingine. Leo nina swali moja tu: mnyama akiwa uwani, ni wa nani?

Nyumba zetu mnazijua. Unaingia mlango wa mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, mwisho unatokea uwani: jiko, bafu, choo, kamba ya nguo, pipa la maji. Mpangaji analipia chumba, ila maisha yake yako uwani. Kupika huko, kufua huko, kusukana huko, na kusemana huko huko. Sasa mkirudi, itoeni mikataba yenu muisome. Kodi ya miezi sita imeandikwa. LUKU ya umeme mtachangiana vipi, imeandikwa. Bili ya maji, imeandikwa. Uwani hautajwi kabisa, na paka huingilia hapo hapo.

Kulikuwa na nyumba ya vyumba sita katika mojawapo ya hizi barabara zetu za namba. Namba siisemi, maana naona baadhi yenu mmeshaanza kuangaliana. Paka aliingia mwenyewe, mdogo, macho yamejaa tongotongo. Hakuna aliyemleta. Mwalimu wa chumba cha nne akawa anamwekea maziwa kwenye kifuniko cha ndoo. Watoto wakamwita Simba. Mwalimu akamwita Pushi. Bibi mwenye nyumba alimwita "wewe". Panya wakapungua, na nyumba nzima ikawa inajivuna: paka wetu, paka wetu. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwi, na kweli huyu hakuingwa, alilala hata juu ya mkeka wa bibi.

Mpaka siku mama wa chumba cha pili aliporudi kutoka soko la samaki la Deep Sea na vibua vyake. Akavipaa, akavitia chumvi, akavitandaza kwenye ungo juu ya pipa, akaingia ndani kuswali alasiri. Rakaa nne. Alipotoka, ungo uko chini, vibua vinane havipo, na paka yuko juu ya ukuta anajilamba mkono.

Kuanzia hapo paka akapoteza majina yote matatu. Akawa "paka wako". Mwalimu akasema: mimi sikumnunua, wala sikumleta. Kweli. Mama wa samaki akasema: lakini maziwa unampa. Nayo kweli. Wakabaki hapo, kila mmoja na ukweli wake, na vibua havirudi.

Mimi katika kazi hii nimeona kesi za namna hiyo nyingi mno, na nimeishia kwenye kanuni moja ambayo wengine hawaipendi. Anayelisha ndiye mwenyewe. Sio aliyenunua, sio ambaye mnyama alizaliwa chini ya kitanda chake. Anayelisha. Hata Kanuni ya Adhabu, inapomshika mtu kwa uzembe juu ya mnyama wa hatari, humtazama yule ambaye mnyama yuko mikononi mwake. Risiti ya kununulia haiulizwi.

Mtaniambia, bwana mifugo, kulisha kiumbe ni thawabu. Sikatai. Sote tumefundishwa habari za aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa, na za mwanamke aliyemfungia paka bila chakula yakamfika yaliyomfika. Lakini yule aliyemnywesha mbwa hakumpeleka akalale mlangoni kwa jirani. (Kicheko.) Thawabu yako isiwe inaliwa kutoka kwenye ungo wa mwenzio.

Sasa nieleze sehemu yangu katika kesi ile, nayo si nzuri.

Kama wiki tatu baada ya vibua, paka alikutwa amelala nyuma ya choo. Niliitwa. Bado alikuwa anahema, damu inamtoka puani, nikamfunua mdomo, fizi nyeupe kama karatasi. Nikasimama, na watu wote wamejaa uwani, nikauliza kwa sauti: "Nani kaweka sumu?" Ndugu zangu, laiti ningejikata ulimi. Macho ya nyumba nzima yalikwenda kwa mama wa samaki. Hakusema neno. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Paka akafa jioni ile. Na mimi usiku ndipo nikakumbuka nilichosomea. Dawa nyingi za panya tunazonunua madukani haziui papo hapo. Zinazuia damu isigande, na mnyama huanza kuvuja damu ndani kwa ndani baada ya siku kadhaa. Panya aliyekula dawa huzubaa, hakimbii vizuri. Paka gani atamwacha panya kama huyo? Akimla, na sumu ameila. Asubuhi nikazunguka nyumba za jirani, na nyumba ya tatu, kwenye stoo ya mahindi, nikakuta dawa imemwagwa kila pembe, wiki nzima sasa, kwa nia safi kabisa ya kuua panya. Nikarudi kumwomba radhi yule mama mbele ya watu wale wale. Alinipokea vizuri, akanipa na chai. Lakini mwezi ulipoisha alihamia Makorora.

Kwa hiyo nawaomba, mnyama akifa uwani msianze na "nani". Anzeni na "amekula nini, lini". Na ukiweka dawa ya panya, wajulishe nyumba za pande zote, hasa wenye watoto wanaotambaa. Ama yule anayetega sumu makusudi kwa paka wa jirani, ajue kwamba tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa hata akiwa amekula vibua vyako vyote.

Liko lalamiko lingine la paka, la wajawazito. Hili watu hulicheka, na si la kuchekwa. Kwenye kinyesi cha paka huweza kuwa na vimelea vinavyoitwa toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini vimelea hivyo vikitoka huhitaji siku moja au zaidi kabla havijaweza kuambukiza. Maana yake ni kwamba kinyesi kikizolewa kila siku, hatari inapungua sana. Azoe nani? Anayelisha. Mjamzito asizoe, na nyama ile isiyoiva vizuri aiogope kuliko anavyomwogopa paka.

Nije kwa mbwa, maana mama pale ananitazama.

Mbwa uwani kwa watu wa Tanga ni jambo zito. Wengi hapa tunafuata madhehebu ya Shafii, na mbwa akitia ulimi kwenye ndoo ya kufulia, ndoo hiyo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mwenye mbwa asiseme jirani ana chuki. Jirani ana ndoo moja na kanzu ya Ijumaa. Mbwa awe na chombo chake, na mahali pake mbali na bomba na kamba ya nguo. Kama uwani ni mdogo hapana mahali hapo, basi hapo hapafai mbwa, tuseme ukweli.

Akimuuma mtoto, hapa nawaomba mnisikilize sana. Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, mkiangalia saa. Msitie pilipili, msitie majivu, msitie mafuta ya taa. Kisha mtoto aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zikishaonekana, kupona karibu hakuna. Na mbwa msimuue! Najua hasira. Nimewakuta vijana na marungu mkononi. Lakini mbwa aliye hai ndiye atakayetuambia. Tunamfunga, tunamtazama siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, basi siku ile alipouma mate yake hayakuwa na kichaa. Mkimuua na kumtupa baharini, daktari anabaki kubahatisha. Kusubiri siku 10 hakumzuii mtoto kuanza chanjo, vinakwenda pamoja.

Chanjo ya mbwa ni kila mwaka, kuanzia miezi mitatu, na paka naye achanjwe.

Kuhusu wapi pa kushtaki sitasema mengi. Anzeni kwa mwenye nyumba, kisha mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata, ambalo sheria yake ya mwaka 1985 imeliweka hasa kwa ajili ya kusuluhisha. Polisi kwa ajili ya vibua vinane, hapana.

Yule bibi mwenye nyumba bado yupo, na vyumba bado sita. Siku hizi mpangaji mpya akija na dalali, kabla hajaonyeshwa hata dirisha, bibi humuuliza: "Utalisha mnyama?" Akijibu ndiyo, anaandikiwa kwenye mkataba atazoa, atachanja, na kilicholiwa atalipa. Mmoja alikataa kutia saini akaondoka. Bibi hakumwita.

Maswali? Haya, mama wa pale mwanzo.

"Bwana mifugo, kwangu anakuja paka wa jirani. Mimi simlishi hata siku moja. Watoto tu ndio humtupia mifupa."

Mifupa hiyo inatoka sufuria ya nani, mama?

"Yangu."

Basi Jumamosi mlete, nitamchanja.