Jumatatu ya Kuachiwa Mchezaji

Ndugu zangu, lawama kwamba Ulaya inatuonea nitaziweka kando kwanza. Tuanze na Jumatatu. Kwa kanuni za FIFA, dirisha la mechi za kimataifa, yaani kipindi kilichotengwa kwa timu za taifa, likifunguka, klabu inamwachia mchezaji aanze safari Jumatatu asubuhi, naye aanze kurudi Jumatano asubuhi ya wiki inayofuata. Humo mna siku tisa na mechi mbili. Wito wa maandishi utoke siku 15 kabla. Shirikisho likichelewa, limeipa klabu sababu ya kukataa.

Siku tisa zinaonekana nyingi mpaka uzihesabu. Aliyecheza Ulaya Jumapili jioni hufika kambini Jumanne, miguu mizito. Oktoba 2024 Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, walicheza na Kameruni mjini Yaoundé Ijumaa tarehe 11, wakarudiana Jumatatu tarehe 14. Mechi hiyo ya pili, ya "nyumbani", ilichezwa Kampala, kwa kuwa Kenya haikuwa na uwanja ulioidhinishwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika. Katikati palikuwa na siku mbili kamili, na safari ya ndege ikala sehemu yake. Kocha atafundisha mbinu saa ngapi? Uwanja ulioidhinishwa, kwa hiyo, nao ni suala la ratiba. Kuanzia 2026 madirisha ya Septemba na Oktoba yameunganishwa kuwa siku 16 na mechi nne: safari moja badala ya mbili. Hilo ni jema kwetu kuliko kwa bara lolote.

Fainali za mashindano makubwa zina hesabu yake. Mchezaji huachiwa Jumatatu ya wiki inayotangulia wiki ya ufunguzi. AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya Morocco ilifunguliwa Jumapili tarehe 21 Desemba 2025, hivyo siku yenyewe ilikuwa tarehe 8. FIFA ikaisogeza hadi 15, zikabaki siku sita za maandalizi. Klabu za Uingereza ndizo zilizoumia zaidi, kwa sababu ligi yao huchezwa Krismasi nzima wakati Ujerumani na Ufaransa wamepumzika.

Kwa nini Desemba? Mwaka 2017 CAF iliamua mashindano yahamie Juni na Julai, lakini Misri 2019 pekee ndiyo iliyofuata uamuzi huo. Kameruni na Côte d'Ivoire mvua iliwarudisha Januari. Kwa Morocco kikwazo hakikuwa mvua: Juni na Julai 2025 zilichukuliwa na Kombe la Dunia la Klabu, na Januari nayo Ligi ya Mabingwa wa Ulaya imeiingilia tangu msimu wa 2024/25. Mechi ya fainali ikapigwa tarehe 18 Januari 2026, na Ligi ya Mabingwa ikarejea tarehe 20. Hapa ndipo ninapoudhika: bara zima lilibanwa kwenye upenyo wa wiki nne.

Sasa AFCON ya 2027, yetu sisi Kenya, Uganda na Tanzania, imepangwa kuanza tarehe 19 Juni hadi 17 Julai. Masika yatakuwa yamekwisha na ligi za Ulaya zimefungwa, kwa hiyo ugomvi na klabu utabaki kwenye mapumziko na maandalizi ya msimu mpya. Hatari iko kwetu. Kanuni ileile ya Jumatatu inatupeleka tarehe 7 Juni, yaani ligi zetu za ndani zimalizike Jumapili tarehe 6. Mwaka 2025 mechi ya mwisho ya Ligi Kuu Tanzania Bara, Yanga na Simba iliyoahirishwa tangu Machi, ilichezwa tarehe 25 Juni.