Ukiibuka na Boti Huioni

(Mhadhara kwa waongozaji wa wazamiaji na manahodha wa boti, Nungwi)

Waalaikum salaam. Sogeeni kivulini, maana kipaza sauti hiki hakifiki huko mwisho.

Mezani nimeweka boya la kujaza hewa, filimbi, kioo, tochi, kifaa cha kuita setilaiti, na dafu. Nianze na dafu. Asubuhi nililitupa majini nje kidogo ya mwamba, kisha nahodha akaondoa boti taratibu, mie nimesimama nalitazama. Mawimbi yalikuwa madogo, ya upepo mwepesi. Hatujafika mita 200, silioni. Na nililitupa kwa mkono wangu, najua liko upande gani! Kichwa cha mzamiaji aliyevaa suti nyeusi na jaketi jeusi hakina tofauti na dafu lile, ila dafu halina watoto nyumbani.

Macho yaliyo mita 2 juu ya maji, kwa hesabu, hufika kilomita 5 hadi upeo wa macho. Hesabu hiyo ni ya bahari iliyolala kama mkeka. Huku kwetu nani aliyeiona siku hizo zikawa nyingi?

Na maji hayakungoji. Mkondo wa noti 2 unakubeba mita 1 kila sekunde. Nahodha akichelewa dakika 20 akikutafuta upande usio wako, umeshasogea zaidi ya kilomita 1. Mkondo mkuu wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaongeza nguvu. Ukipotea hapa Nungwi unapelekwa kwenye mkondo wa Pemba, kina kirefu, huna mwamba wa kushika. Ukizamia kwenye milango ya Pemba siku za bamvu, mwenyewe unajua maji yanavyotoka pale.

Sasa boya. Watalii wanaliita soseji. La nusu mita ni mchezo wa watoto. Chukua la mita 1.5 au zaidi, la rangi ya chungwa. Jeupe linapotea kwenye povu la mawimbi. Lirushe ukiwa bado chini, kwenye mita 5 pale unaposimama kabla ya kupanda, ili nahodha ajue utatokea wapi kabla hujatokea. Usilijaze pomoni ukiwa chini: hewa iliyotiwa kwenye mita 10 inakuwa maradufu ikifika juu, iliyotiwa kwenye mita 5 inaongezeka nusu yake. Pumzi moja au mbili kubwa, kisha liachie. Uzi ushike mkononi. Nimeshaona kijana ameufunga kwenye jaketi lake, uzi ukakwama, boya likampandisha naye kama samaki wa mshipi. Ukifika juu, vuta uzi chini kwa nguvu, ndipo boya linasimama wima. Ukiuacha ulegee, linalala juu ya maji, na likilala halina faida kubwa kuliko dafu.

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Miaka iliyopita nilielea saa mbili na nusu nikiwa na wageni wawili. Boya nilikuwa nalo. Lakini tangu linunuliwe halijakunjuliwa hata siku moja; joto la stoo lilikuwa limeligandisha, nilipolivuta likachanika kwenye mshono. Ikapita boti ya wavuvi, si mbali. Tukapunga mkono. Nao wakapunga mkono, wakaenda zao! Naona mzee pale anacheka, na ana haki. Kitabu cha wazamiaji kinasema mkono mmoja unaopungwa ni ishara ya hatari. Pwani hii mkono unaopungwa ni salamu, na watu wetu hawanyimi mtu salamu. Tangu siku ile nafundisha ishara iliyomo kwenye kanuni za kimataifa za bahari: nyoosha mikono yote miwili pembeni, ipandishe na kuishusha polepole, tena na tena. Hakuna anayesalimia hivyo.

Aliyetuokoa alikuwa mzee wa ngalawa aliyekuwa akirudi na changu wake, naye aliona mmweko. Nilikuwa nimefunga sidii ya zamani kwenye jaketi, kwa mzaha tu. Jua likiwapo, kioo kinafika mbali kuliko kitu chochote hapa mezani kisicho na betri, kilomita nyingi. Kulenga ni hivi: nyoosha mkono mbele, panua vidole viwili, boti iweke katikati yake, kisha chezesha kioo mpaka mwanga uguse vidole. Ukigusa vidole, boti inaupata.

Filimbi sitaisemea sana. Isiyo na gololi ndani ndiyo nzuri. Ila mashine ya boti ikinguruma hakuna atakayeisikia, kwa hiyo nahodha unayetafuta mtu, zima mashine kila baada ya muda, usikilize.

Tochi ni ya usiku, na usiku usiimulike mbinguni. Ielekeze ndani ya boya lako. Boya zima linawaka kama kandili.

Vya betri viko vya aina mbili. Kimoja kinatuma wito kwa masafa ya redio ya megahezi 406 hadi kwenye setilaiti, na kutoka huko habari inafika kwenye vituo vya uokoaji, kama kile cha Mombasa. Kisajiliwe kwa jina lako, na kitiwe kwenye kopo lisilopitisha maji, kwani vingi havikutengenezwa kwa kina tunachozamia. Kuna mtu alinionyesha chake cha mtumba, cha masafa ya 121.5 peke yake. Setilaiti ziliacha kuyasikiliza tarehe 1 Februari 2009. Nimemwambia kinafaa kubania karatasi zisipeperuke.

Aina ya pili inaonyesha mahali ulipo kwenye skrini za meli zilizo karibu. Kizuri. Lakini jiulizeni nani yuko karibu na ninyi. Ngalawa haina skrini. Mashua haina skrini. Mwenye uwezo anunue, sikatazi, ila bahari hii inalindwa na macho ya wavuvi, na macho yanataka rangi, urefu na mmweko. Tena wavuvi wenyewe waambieni. Nendeni diko, waonyesheni boya hili, waambieni wakiliona limesimama peke yake wasogee.

Na ninyi manahodha, hesabuni. Tarehe 25 Januari 1998, kwenye miamba mikubwa ya Australia, boti iliondoka ikiacha majini mke na mume Wamarekani kwa sababu hesabu ya watu ilikosewa. Siku mbili zilipita kabla ya mtu kugundua. Miezi baadaye kikaokotwa kibao chao cha kuandikia chini ya maji, kimeandikwa tarehe 26, kinaomba msaada. Wenyewe hawakuonekana tena. Hata wangekuwa na vitu vyote vya meza hii, siku ile hakuna aliyekuwa akiwatafuta. Ita jina, mtu aitike mwenyewe kwa mdomo wake, ndipo utie alama. Asiitikiwe na mwenzake.

Maji yanaanza kupwa saa nane. Mitungi iko kwenye boti, kila mmoja achukue boya lake, na asiye nalo atatumia langu. Nahodha, dafu nalo lipakie.