Sabufa Kwenye BMW: Pesa Ianzie Wapi?

SALIM: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Salim, na hapa Tudor, Mombasa, niko na dada yangu Zuhura, fundi wa umeme wa magari. Leo twazungumzia gari langu mwenyewe, BMW 5 Series ya umbo la F10, na sabufa, yaani spika kubwa ya besi, ninayotaka itiwe kwenye buti. Dada, mimi nimeshachagua: sabufa ya inchi 12, amplifaya ya wati 1000. Niambie lini twaanza.

ZUHURA: Polepole, Salim. Umetaja vinavyoonekana. Waya hujautaja, boksi hujalitaja, na sauti itatoka vipi kwenye redio ya kiwandani hujaniuliza.

SALIM: Waya si waya tu?

ZUHURA: Hebu tupige hesabu. Amplifaya ya wati 1000 za kweli, zile inazotoa mfululizo bila kuchoka, hata ikiwa ya Class D, ile aina isiyopoteza umeme mwingi, hupoteza kama asilimia 20 kwa joto. Kwa hiyo itavuta wati 1250 hivi kutoka kwenye betri. Gawanya kwa volti 13.8, unapata karibu ampia 90. Muziki haugongi kwa nguvu hiyo kila sekunde, lakini besi inaposhuka, waya lazima uubebe huo mzigo bila kupata moto.

SALIM: Huu hapa nilinunua jana. Mnene kama kidole, na bei haikuwa mbaya.

ZUHURA: Lete kisu. Tazama, nakwangua uzi mmoja tu. Waona nini?

SALIM: Juu nyekundu... ndani nyeupe!

ZUHURA: Alumini iliyovishwa shaba. Kwa unene uleule, alumini hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba. Na sisi twaishi na chumvi, yakhe. Hewa ya bahari ikiingia kwenye ncha, pale alumini inapokutana na shaba na unyevu wa chumvi, kiungo huliwa. Ukifungua baadaye wakuta unga mweupe, na mahali penyewe pamepata moto. Kwa gari la Mombasa nataka shaba tupu, ncha zibanwe kwa koleo lake maalumu, kisha zivishwe mpira unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani.

SALIM: Basi huu naurudisha dukani leo leo.

ZUHURA: Urudishe. Na fyuzi ya waya mkubwa ikae karibu na betri, isipite sentimita 45. Watu huiweka kando ya amplifaya wakidhani yalinda amplifaya. Fyuzi hiyo yalinda waya. Waya ukichunwa na chuma katikati ya safari na fyuzi iko upande wa pili, hakuna cha kuuzuia usiwake.

SALIM: Angalau kwangu betri iko buti, waya hautakuwa mrefu.

ZUHURA: Hapo umebahatika. Lakini upande wa hasi una jambo lake. Kwenye nguzo ya hasi ya betri yako kuna kihisi kinachopima umeme unaoingia na kutoka, na kompyuta ya gari hutegemea hesabu hiyo kuamua kuchaji. Fundi akifunga waya wa hasi wa amplifaya moja kwa moja kwenye nguzo, umeme huo haupiti kwenye kihisi. Gari laona betri haijatumika sana, kumbe inakauka. Hasi ifungwe kwenye bodi, pale pana boliti ya kiwandani, rangi ikwanguliwe mpaka chuma kitupu, kisha pakishafungwa pahifadhiwe pasishike kutu.

SALIM: Haya. Sauti sasa. Nasikia ukigusa waya za redio ya BMW unaweza kuua kila kitu.

ZUHURA: Inategemea gari lilitoka kiwandani na nini. Zenye amplifaya kubwa ya kiwandani, muziki haupiti kwenye waya wa shaba hata kidogo kabla ya kuifikia amplifaya hiyo. Hupita kama mwanga ndani ya uzi wa plastiki, mfumo uitwao MOST, ambao BMW walianza nao kwenye 7 Series ya mwaka 2001. Vifaa vimeungana kwa duara: kimoja humpasia mwenzake mpaka mwanga urudi ulikoanzia. Ukikata uzi mahali pamoja, au ukaukunja kona kali, duara limevunjika na gari zima likanyamaza.

SALIM: Kwa hiyo?

ZUHURA: Kwa hiyo kisu kisikaribie hapo. Kuna njia mbili za kistaarabu. Moja ni kifaa kinachoingia kwenye lile duara na kuusoma mwanga. Ya pili ni kuchukua sauti baada ya amplifaya ya kiwandani, kwenye waya za spika, na kuipeleka kwenye DSP, yaani kompyuta ndogo ya kusawazisha sauti.

SALIM: Hiyo DSP ni ya lazima? Kila fundi ananiuzia.

ZUHURA: Kwako wewe, ni lazima. Magari mengi ya kifahari hupunguza besi kadiri unavyopandisha sauti, ili spika ndogo zisipasuke. Sasa weka sabufa juu ya sauti hiyo: ukiongeza, besi yapotea palepale ulipoitaka. DSP hurudisha kilichopunguzwa. Pia huku kwetu dereva anakaa kulia, spika ya mlango wa kulia iko karibu naye na ya kushoto iko mbali. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti ya sentimita 70 ni kuchelewa milisekunde 2. DSP huichelewesha ya karibu, zote zikufikie pamoja. Ukicheza muziki wa bango, mwimbaji anakaa mbele yako katikati ya dashibodi, hatoki mlangoni.

SALIM: Mashallah. Hiyo ndiyo naitaka.

ZUHURA: Basi punguza sabufa. Inchi 10, boksi lililofungwa, wati 500. Pesa inayobaki inunue DSP na waya wa shaba. Zile besi za kiwandani chini ya viti vya mbele usizing'oe. Sabufa ya buti ichukue kuanzia hezi 70 kushuka, yaani ile milio mizito ya chini kabisa, na besi ya juu ya hapo ziachie hizo za kiwandani.

SALIM: Inchi 10 itasikika? Buti la sedani limejifunga.

ZUHURA: Swali zuri sana hilo. Nyuma ya viti kuna chuma, kwa hiyo besi nyingi hubaki buti ikitikisa namba ya gari, nao walio nje wasikia kuliko wewe. Kama gari lako lina kile kidirisha nyuma ya kiegemeo cha mkono, boksi litaelekezwa pale, na pembeni tuzibe kwa sponji ili sauti isirudi buti. Nimesikia inchi 10 iliyoelekezwa hivyo ikiishinda 12 iliyorushwa tu ndani. Boksi lenyewe nitachonga kwa plaiwudi ya baharini ya milimita 18. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliobanwa, ni nzuri kwa sauti, lakini kwa unyevu wetu hufura kwenye kona, na kona ikifunguka hewa hutoka.

SALIM: Na kutikisika?

ZUHURA: Nitapiga mlio mmoja wa besi na kuupandisha taratibu, huku nikipitisha kiganja kwenye kila paneli. Panapolia napabandika shiti ya butili, mpira mzito unaonata. Mfuniko wa buti kwanza, kisha namba.

SALIM: Watu wa Likoni wataniuliza: nikiwa foleni ya feri, injini imezimwa, nacheza?

ZUHURA: Cheza kwa sauti ya chini, na usikae nusu saa. Injini ikizimwa betri haina anayeilisha. Na majirani wa Mji wa Kale wana haki yao pia. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zipo na NEMA, mamlaka ya mazingira, wana uwezo wa kukushitaki.

SALIM: Nimeelewa. Gari nikuletee Jumamosi?

ZUHURA: Lete Ijumaa jioni. Buti liwe tupu, na uniachie funguo zote mbili. Kila kitu cha kiwandani nitakachotoa nitakufungia kwenye katoni, ukiuza gari urudishe.