Somo la pesa liingie mwaka wa kwanza

Walimu wangu shikamooni, na nyie wa mwaka wa kwanza asanteni sana kwa kuja.

Nianze na bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu chuoni. Bodi ya Mikopo inatoa elfu 10 kwa siku ya chakula na malazi, kabla ya 2022 ilikua 8,500, na haiji kila siku, inaingia kwa mkupuo wa miezi miwili hivi, kwa hiyo kijana ambae nyumbani alikua anaomba hela ya vocha anaamka asubuhi anakuta laki 6 kwenye akaunti na hakuna mtu amewahi kukaa nae chini akamwonyesha namna ya kuifikisha hadi bumu lijalo. Wiki ya tatu anakula mlo mmoja. Tunasema hana nidhamu. Mimi nakataa, hajafundishwa!

Na hapo ndo mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kuumiza, inamkuta. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za kukopesha mtandaoni zisizo na leseni, ila leseni sio kila kitu, namna riba inavyopigwa nayo inataka macho. Chukua laki 6, miezi 6, riba asilimia 10 kwa mwezi. Mkopeshaji mmoja anatoza riba kwenye deni lililobaki, kila mwezi unapunguza laki moja ya deni pamoja na riba yake, unarudisha jumla 810,000. Mwingine asilimia ni hiyo hiyo 10 ila anaipigia ile laki 6 ya mwanzo mpaka mwezi wa mwisho, hata kama nusu umeshalipa, unarudisha 960,000. Laki na nusu imeenda hivi hivi, na tangazo lao linafanana neno kwa neno. Watu wana digrii zao kabisa wanasaini bila kuuliza riba inapigwaje.

Haya umeajiriwa serikalini, mshahara 800,000. PSSSF, mfuko wa pensheni, 40,000, bima ya afya 24,000, PAYE, kodi ya mshahara, 68,000, Bodi ya Mikopo wanachukua asilimia 15 ya mshahara kurudisha lile deni la chuo, yaani 120,000. Mkononi 548,000. Wengi hiyo slipu wanaisoma kwa mara ya kwanza siku ya mshahara wa kwanza, wakati kodi ya nyumba wameshaahidi kwa kuangalia ile 800,000, inaniuma sana hii.

Sasa vyuo vyetu vina masomo ya lazima tayari, anaesoma uinjinia anakaa darasa la DS (Development Studies) na Communication Skills na hakuna anaelalamika. Pesa ikae hapo hapo, semista ya kwanza, kwa wote. Sio semina ya siku moja mwaka wa mwisho ambapo benki inakuja na tisheti na fomu za akaunti, maana benki inakuja kuuza, ndo kazi yake, mwalimu ndo anaeweza kumwambia mwanafunzi mkopo huu usichukue.

Na litungiwe mtihani. Mpe mkataba halisi wa mkopo, jina la kampuni limefutwa, apige hesabu atarudisha shilingi ngapi na akichelewa mwezi mmoja inakuaje. Hesabu zenyewe ni kujumlisha na asilimia, hata wa fasihi anaweza. Akishindwa akutane na sapu, arudie mtihani, kama somo lingine lolote.

Karibuni maswali, tuanze na yule dada pale nyuma.