Sehemu ya 48: Msimamizi wa Jiko

NEEMA: Wasikilizaji, karibuni tena. Leo sina salamu ndefu. Hamisi, jana usiku sikulala.

HAMISI: Pole, dada. Niliuona ujumbe wako wa saa tisa usiku, nikajua kuna jambo.

NEEMA: Mkutano wa bodi ya shule ya mwanangu. Ule wa kujadili kama polisi wa shule, yule askari mwenye bunduki anayekaa shuleni, arudishwe au asirudishwe. Kila mzazi anapewa dakika mbili. Ukutani kuna saa inayohesabu kurudi nyuma, ikifika sifuri kipaza sauti kinazimwa. Maneno yangu nilikuwa nimeyaandika tangu Jumapili, karatasi mbili. Nikafika sentensi ya tatu, nikamwona mwanangu amekaa nyuma kabisa, kofia ya jaketi kichwani. Nikaiweka karatasi chini.

HAMISI: Ukasemaje?

NEEMA: Nikasema, "Mtoto huyu ana pua ya baba yangu."

HAMISI: Eh!

NEEMA: Bodi nzima kimya. Wengine walielewa. Mama mmoja mweusi, mzaliwa wa hapahapa, akainamisha kichwa.

HAMISI: Waeleze wasikilizaji habari ya pua. Walioko Dodoma na Mombasa huenda hawaijui.

NEEMA: Julai 6, 2016. Falcon Heights, kitongoji cha hapa Minnesota, Marekani, karibu na St. Paul. Polisi analiona gari, anamwambia mwenzake kwenye redio kwamba dereva anafanana na mmoja wa washukiwa wa wizi, kwa sababu ya pua yake pana. Pua, Hamisi. Analisimamisha gari, anasema taa ya nyuma haiwaki. Dereva ni Philando Castile, miaka 32. Anamwambia polisi kwa utaratibu kabisa kwamba ana silaha, na kibali cha silaha anacho. Risasi saba. Mpenzi wake yuko kiti cha mbele, na binti wa yule dada, miaka minne, yuko nyuma. Mama wa mtoto akaanza kurusha mubashara kwa simu, dunia ikaona. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, mahakama ikamwona polisi yule hana hatia.

HAMISI: Inna lillahi.

NEEMA: Sasa mwanangu ametimiza miaka 15, ana leseni ya kujifunzia. Jumamosi nilimpeleka kwenye maegesho ya kanisa letu, matupu, theluji imesukumwa pembeni. Unajua sikuanza na breki wala gia? Nilianza na mikono. Ukisimamishwa, mikono juu ya usukani, vidole wazi. Usiguse droo. Usiinamie mkanda. Sema "naam", na kabla hujasogea sema unachotaka kufanya. Akarudia yote kama anakariri Sala ya Bwana. Halafu akaniuliza, "Mama, na pua nifanyeje?"

HAMISI: ...

NEEMA: Ndiyo maana nikaiweka karatasi chini.

HAMISI: Mungu amlinde. Kweli. Lakini ngoja nikwambie jambo, dada. Watu wengi wanamjua Philando kwa ile video. Sisi madereva wa mabasi, tunaoshinda na watoto wa shule, tunamjua kwa jiko.

NEEMA: Sema.

HAMISI: Alikuwa msimamizi wa jiko katika shule ya msingi ya J.J. Hill, St. Paul. Aliingia kwenye majiko ya shule za mji ule mwaka 2002, kijana wa miaka 19. Wenzake walisimulia kwamba aliyashika majina ya watoto wote, na wanakaribia 500. Nani maziwa yanamdhuru, nani asile karanga. Mtoto anapita na sinia lake, anaingiza namba yake kwenye mashine, mashine inasema akaunti haina kitu. Philando anatoa mfukoni mwake, mtoto anapita.

NEEMA: Bila kelele.

HAMISI: Bila kelele! Hapo ndipo nilipomkumbuka mpishi wetu Tanga.

NEEMA: Hujawahi kunisimulia habari zake.

HAMISI: Shule yetu kulikuwa na mchango wa chakula. Mzazi asipopeleka, jina lako halimo kwenye daftari, wenzako wakipanga foleni na sahani wewe unakwenda kukaa chini ya mwembe. Mpishi alikuwa mama mtu mzima, tulimwita Bibi. Ugali ukishapakuliwa, sufuria ile kubwa inabaki na ukoko. Bibi anatoka mlangoni, anaita kwa sauti kubwa, shule nzima isikie: "Wewe Hamisi, mtoto wa Mwanahawa, njoo unikwangulie sufuria, mgongo wangu unauma!"

NEEMA: Yaani unaitwa kazini.

HAMISI: Naitwa kazini! Wenzangu wanaona nimetumwa. Kule jikoni anaweka ukoko kwenye kifuniko, anamwagia mchuzi wa maharage, anaugeuza uso asinitazame nikila. Mpaka leo sijui kama mgongo ulimuuma kweli.

NEEMA: Haukumuuma.

HAMISI: Kumbe haukumuuma, e?

NEEMA: Hamisi, haukumuuma. Mama yangu alikuwa na mgongo wa namna hiyo Moshi, ukimuuma kila jirani anapokosa unga. Lakini ukoko wa ugali na maharage? Ukoko ni wa wali.

HAMISI: Astaghfirullah. Ukoko wa ugali wa sufuria ya shule, uliokaukia kwenye moto wa kuni, unakatika kama biskuti!

NEEMA: Ukoko wa wali wa nazi. Hapo hata wewe mtu wa Tanga unanisaliti?

HAMISI: Wali wa nazi ni wa nyumbani. Nazungumzia shule. Ukoko wa wali unagombaniwa, mkubwa anaula. Wa ugali ulikuwa wa sisi tuliokaa chini ya mwembe. Wacha niutetee.

NEEMA: Haya, utetee. Ila wasikilizaji wakiandika wiki hii, tutajua wako upande gani.

HAMISI: Waandike. Na ninaloliona mimi ni hili: hapa Minnesota mtoto kudaiwa chakula lilikuwa jambo la kawaida. Mwaka 2019 kuna shule waliwanyang'anya watoto sahani za moto mbele ya wenzao, wakazimwaga kwenye pipa kwa sababu ya deni. Chakula kimeshapikwa, kimeshapakuliwa, kinamwagwa.

NEEMA: Nakumbuka. Nililia.

HAMISI: Baada ya Philando kufa, watu wakachanga kwa jina lake wakalipa madeni ya watoto St. Paul. Mwalimu mmoja wa chuo na wanafunzi wake waliuanza mchango ule. Halafu Machi 2023 gavana akatia saini sheria: kifungua kinywa na chakula cha mchana bure kwa wanafunzi jimbo zima. Hakuna mashine ya kumwambia mtoto kwamba hana kitu. Mimi huwa nawaona asubuhi, dada. Mtoto anashuka basini anakimbia. Zamani alikuwa anashuka anaburuza miguu.

NEEMA: Na Bibi wako naye, mtoto akikimbilia jikoni...

HAMISI: Bibi angefurahi. Ukoko ungebaki.

NEEMA: Angekula nani?

HAMISI: Mimi! Hata leo. Niletee sufuria.

NEEMA: (anacheka) Tumetoka mbali, kaka. Nilikuwa na mambo matatu ya kuwafundisha wazazi wanaokwenda mkutanoni. Lakini kabla ya hayo, nakuuliza wewe. Kama mjumbe wa bodi angekuita jana, ungesema polisi arudi au asirudi?

HAMISI: Arudi.

NEEMA: Hamisi.

HAMISI: Umeniuliza, nimekujibu. Arudi. Nina watoto 50 na zaidi nyuma yangu, nami naangalia barabara yenye barafu. Mwaka juzi wavulana wawili walishikana basini, mmoja akachomoa kisu cha kukatia maboksi. Nilisimamisha basi mbele ya shule, nikafungua mlango. Polisi wa shule alifika kabla sijamaliza kusema redioni. Hakugusa bunduki. Alimwita yule mtoto kwa jina. Kwa jina, dada! Mtoto akamkabidhi kisu.

NEEMA: Basi huyo aliyekusaidia ni mtu anayemjua mtoto. Hata wewe umesema, bunduki hakuigusa. Mlipeni aje bila bunduki na bila pingu. Bodi ya Minneapolis ilivunja mkataba na polisi Juni 2, 2020, siku nane baada ya George Floyd kuuawa na polisi, na St. Paul ikafuata mwezi uleule. Hayo hayakutoka kwa wakubwa. Wanafunzi walikuwa wakidai miaka mingi kabla, wakija kwenye vikao hivihivi vya dakika mbili, wakisema sisi weusi na wenyeji wa asili ndio tunaotiwa pingu kwa ugomvi ambao mzungu anaitiwa mzazi.

HAMISI: Nawaheshimu wale vijana. Bila binti mmoja wa miaka 17 aliyesimama barabarani akimrekodi Floyd kwa simu yake, taarifa ya kwanza ya polisi ingebaki ile ya kwamba mtu amefariki baada ya kupatwa na tatizo la kiafya. Darnella Frazier, mwanafunzi wa sekondari, amemsindikiza binamu yake mdogo dukani. Sijalisahau hilo. Lakini jambazi mwenye bunduki akiingia shuleni, atamzuia nani? Msimamizi wa jiko?

NEEMA: Uvalde, Texas, Mei 2022, walifika askari zaidi ya 370. Wakakaa dakika 77 kabla ya kuingia darasani. Watoto 19 na walimu wawili waliuawa.

HAMISI: Hao walishindwa kazi yao. Daktari akishindwa hatufungi hospitali.

NEEMA: Parkland, Florida, 2018, askari wa shule alikuwepo, na bunduki anayo, akabaki nje.

HAMISI: Huyo naye alishindwa. Unanihesabia walioshindwa. Wale waliozuia jambo lisitokee hawaandikwi popote.

NEEMA: Na mimi nakuhesabia walioumizwa, nao hawaandikwi popote! Kumbuka mwaka 2023 hapa kwetu. Sheria mpya ikasema hata polisi wa shule asimlaze mtoto kifudifudi wala asimkandamize akashindwa kupumua. Kifudifudi, Hamisi. Katika jimbo ambalo George Floyd alilazwa kifudifudi dakika tisa na sekunde 29. Idara kadhaa za polisi zikawaondoa askari wao mashuleni. Ina maana walikuwa tayari kuondoka kuliko kuahidi hilo.

HAMISI: Walisema sheria haikueleweka, waliogopa kushitakiwa. Ilirekebishwa Machi 2024, wengi wakarudi.

NEEMA: Ilirekebishwa kwa kulegezwa.

HAMISI: Ilirekebishwa kwa kuwapa mafunzo pia. Dada, mimi sipendi mtoto alazwe chini. Nasema ile siku basini ningebaki peke yangu.

NEEMA: Na mimi nasema mwanangu akigombana na mwenzake nataka aitwe mama yake, asiandikiwe jalada polisi.

HAMISI: Na huyo mwenzake mwenye kisu, aitiwe nani? Mama yake alikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Nilimpigia mwenyewe, simu haikupokelewa.

NEEMA: ...Ndiyo, hilo nalielewa. Nami nimefanya zamu hizo.

HAMISI: Basi.

NEEMA: Hapana, si basi. Kuelewa si kukubali.

HAMISI: Nami sikubali.

NEEMA: Unamwamini polisi mmoja uliyemjua. Mimi mwanangu atakutana na wasiomjua. Philando aliyajua majina ya watoto 500. Aliyempiga risasi hakulijua lake, alijua pua tu.

HAMISI: Na mimi ndiyo maana nataka polisi akae shuleni, ayajue majina. Akikutana nao barabarani baadaye asione pua.

NEEMA: Unataka mtoto afanye kazi ya kujitambulisha kwa mtu mwenye bunduki, tangu darasa la sita, ili aje kuachwa hai?

HAMISI: Si hivyo nilivyosema.

NEEMA: Ndivyo inavyofika masikioni mwangu. Ninayemfundisha mikono juu ya usukani ni mimi, kaka.

HAMISI: (kimya) Na mimi ndiye ninayewabeba.

NEEMA: Najua.

HAMISI: Bodi imeamuaje?

NEEMA: Bado. Kura ni mwezi ujao. Vijana wamesema watajaza ukumbi, safari hii wazazi tuwaachie viti vya mbele. Wakubwa wao ndio wale waliotoka madarasani jimbo zima Aprili 19, 2021, siku nane baada ya Daunte Wright kuuawa na polisi Brooklyn Center. Mpwa wangu alitoka siku hiyo, akarudi nyumbani viatu vimelowa, akaniambia, "Shangazi, njaa inauma." Hakusema jingine. Nikampikia wali.

HAMISI: Ukoko ulimpa?

NEEMA: Aliula wote.

HAMISI: Umeona?

NEEMA: Ukoko wa wali, Hamisi.

HAMISI: Sina muda wa kubishana tena, saa saba na nusu hii. Nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, injini ya basi inataka nusu saa ipate moto.

NEEMA: Na mambo yangu matatu ya wazazi?

HAMISI: Utayasoma wiki ijayo.

NEEMA: Wiki ijayo tuna mgeni.

HAMISI: Basi hiyo nyingine. Dada, mwezi ujao kura ni siku gani?

NEEMA: Jumanne, saa kumi na mbili jioni. Unakuja?

HAMISI: Nakuja. Nitazungumza upande wangu.

NEEMA: Njoo. Nitakushikia nafasi kwenye foleni ya kipaza sauti, nyuma yangu.

HAMISI: Mbele yako. Mimi ni mkubwa.

NEEMA: Nyuma yangu, kaka. Chukua glavu zako, umeziacha kwenye kiti.