Namna ya Kuchonga Fimbo ya Heshima

Karibu, ndugu mtazamaji, katika karakana yetu hapa Mwanza. Kabla ya kugusa msumeno, uliza kwanza fimbo itashikwa na nani na katika shughuli gani, kwa sababu fimbo ya cheo haichongwi kisha ikatafutiwa mwenyewe. Kifimbo alichozoea kukishika Mwalimu Nyerere, mwana wa chifu wa Kizanaki kutoka Butiama, hakikuwa cha kuegemea wala cha kuchungia ng'ombe. Na siwa, yaani rungu la heshima la Bunge, ambayo Mpambe wa Bunge hutangulia nayo mbele ya Spika haimsaidii mtu kutembea. Uchifu uliondolewa kisheria mwaka 1963, hivyo leo tunamchongea mzee wa ukoo, lakini ukipata nafasi fika kwanza kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, ukatazame vifaa vya watemi, yaani machifu wa Kisukuma.

Mzee na asimame akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku hiyo. Pima kutoka sakafuni hadi kiunoni kwa bakora, au hadi kifuani kwa fimbo ndefu ya kusimama nayo, kisha ongeza sentimita 5 za kukata baadaye.

Nunua mpingo kwa muuzaji mwenye kibali, na udai risiti. Chagua kiini cheusi, kwa maana sehemu ya nje ni nyeupe na haidumu. Mti huu ni mzito kiasi cha kuzama majini, nao hukauka polepole mno na kupasuka kuanzia nchani. Kwa hiyo paka nta kwenye ncha zote mbili na uuweke kivulini kwa miezi kadhaa, kamwe usiuanike juani.

Sasa tunafika kwenye kazi yenyewe. Usijaribu kuuviringisha mti mara moja. Upige randa hadi uwe na pande nne zilizonyooka, ondoa pembe upate pande nane, kisha kumi na sita, ndipo umalizie kwa tupa. Ukiruka hatua moja, fimbo itakuwa na tumbo katikati, na kasoro hiyo msasa hauiondoi. Noa randa mara kwa mara na ufunike pua na mdomo, kwani vumbi la mpingo huwasha.

Kichwani, mimi huweka pete moja tu ya shaba. Wateja wengi huomba simba, chui na jina la ukoo kwa pamoja, na fimbo ikishasheheni hivyo watu huitazama yenyewe badala ya kumtazama mzee.

Piga msasa namba 80, 120, 240 na 400 kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mti, futa vumbi, kisha sugua nta ya nyuki kwa kitambaa cha pamba. Vanishi haifai, kwani hubanduka pale kiganja kinaposhika.

Siku ya kukabidhi, ishike fimbo kwa mikono miwili, kichwa chake kikielekea upande wa mkono wa kulia wa mzee, ili aipokee na kuisimamisha bila kulazimika kuigeuza.