Masikio ya Elsinore

Ndugu wasikilizaji, mzuka wa *Hamlet*, tamthilia ya Shakespeare, mnaujua, na ile hotuba ya kuwa au kutokuwa mmeichoka. Leo naviacha. Nataka tumtazame Polonius, mshauri mkuu wa Mfalme Claudius wa Denmark katika kasri la Elsinore, mzee ambaye kazi aipendayo kuliko zote ni kutega sikio.

Anaanzia kwa mwanawe. Laertes yuko Paris, na mzee anamtuma mtumishi wake Reynaldo akamchunguze. Tazameni ufundi wake: Reynaldo asiulize waziwazi. Amsingizie kijana mbele ya wanaomfahamu kuwa ni mcheza kamari, mlevi, mgomvi, kisha angoje nani ataitikia, "Hata mimi nilimwona." Uongo uwe chambo, ukweli uwe samaki. Na huyu ni baba mzazi! Katikati ya maelezo hayo anasahau alikuwa akisema nini, nasi tunacheka.

Kicheko kinakatika zamu ya binti inapofika. Ophelia anapewa kitabu cha sala, anaambiwa atembetembee kama aliye peke yake, huku baba na mfalme wamejibanza wamsikilize Hamlet, mwanamfalme anayempenda Ophelia, wajue chanzo cha wazimu anaouonyesha. Ghafla Hamlet anamuuliza: "Baba yako yuko wapi?" Anajibu: "Yuko nyumbani, bwana." Wengine kasrini hudanganya kwa kutaka cheo, binti huyu anadanganya kwa sababu ametii. Je, Hamlet ameshtukia? Matini iko kimya, na waongozaji wengi humwonyesha akiliona pazia likitikisika. Mimi ningemwacha asijue lolote, ili uongo ule ubaki kwetu na kwa Ophelia tu.

Sasa wasikilizeni wakitoka mafichoni. Wamesikia maneno yale yale. Claudius anasema haya si mapenzi, wala si wazimu. Hapa pana hatari, kijana apelekwe Uingereza. Polonius bado anashikilia kuwa chanzo cha wazimu ni mapenzi yaliyokataliwa. Aliingia na jibu lake, akatoka nalo. Claudius amemuua ndugu yake, baba wa Hamlet, na hofu imemnoa masikio.

Hamlet mwenyewe haponi. Upanga mkononi, anamvizia mfalme aliyepiga magoti akisali, amlipizie baba yake kisasi, kisha anaahirisha: mfalme akifa akitubu si atakwenda peponi? Kumbe, Hamlet akishaondoka, Claudius anakiri kuwa maneno yake yamepaa lakini mawazo yamebaki chini. Toba haikuwepo.

Baada ya hapo mzee anajificha tena, safari hii chumbani kwa Malkia Gertrude, mama wa Hamlet, awasikilize wawili hao. Malkia anaogopa, anapiga kelele. Polonius, aliyeapa kunyamaza, naye anapiga kelele nyuma ya pazia. Hamlet anachoma upanga kupitia kitambaa akidhani anamuua mfalme. Na Claudius, habari zinapomfikia, hata hajamlilia mshauri wake vya kutosha: anasema kuwa angekuwa yeye pale, yangemkuta yeye.